KADENGE NA MPIRA, NA DAFTARI LETU

(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa wanachama, Chekereni, siku ya Saba Saba.)



Bwana Katibu alituandikia kwamba tusizidi dakika ishirini, maana mchezo wa jioni haungoji, na jua la Chekereni halimhurumii mchezaji wala mtazamaji. Tutajitahidi kuitii amri hiyo.

Tarehe 7 Julai kila Mtanzania aijua kwa sababu yake: katika mwaka 1954 siku hiyo TANU ilizaliwa. Lakini kwa sisi tupendao mpira wa miguu, tarehe hii ina jambo la pili. Siku ya Jumapili, tarehe 7 Julai 2019, alifariki huko Nairobi Mzee Joe Kadenge, mwenye umri wa miaka 84, baada ya kuugua kwa muda mrefu maradhi ya kiharusi. Asubuhi ya leo, kabla ya mkutano kufunguliwa, wazee wetu walikuwa wakimtaja chini ya mwembe, na maneno yao ndiyo yaliyotupa njia ya hotuba hii.

Huenda vijana wakauliza: Kadenge alikuwa mtu wa Kenya, yatuhusu nini sisi wa nchi ya tambarare ya Moshi, walimaji wa mpunga na makarani? Swali hilo ni la haki, na katika kulijibu tutafika kwenye jambo tulilokuja kusema.

Kadenge alizaliwa mwaka 1935 huko Vihiga, magharibi ya Kenya. Alicheza katika timu ya Maragoli United, na baadaye katika Abaluhya, klabu iliyoundwa mwaka 1964 na ambayo tangu mwaka 1980 yajulikana kwa jina la AFC Leopards. Aliichezea nchi yake katika siku za Kombe la Gossage, lile kombe la kampuni ya sabuni, lililoanza mwaka 1926 baina ya Kenya na Uganda, kisha Tanganyika ikaingia mwaka 1945 na Zanzibar mwaka 1949. Kombe hilo ndilo lililowafundisha baba zetu kujuana na jirani zao kwa njia ya mpira. Hata baada ya kuacha kucheza hakuuacha mchezo; mwaka 2002 alikabidhiwa timu ya taifa ya Kenya aifundishe.

Basi, wazee wetu wa hapa walimjuaje? Tuliwauliza asubuhi ya leo. Kati ya wazee saba, mmoja tu alipata kumwona kwa macho yake, kwa kuwa alifanya kazi Nairobi ujanani. Wale sita hawakumwona hata siku moja, na hata picha yake hawakuiona mpaka walipokuwa watu wazima. Walakini wote saba walimsimulia kama mtu wa kijiji chao: namna alivyoukokota mpira, namna alivyowaacha mabeki wakitazamana. Mzee mmoja alisimama, akaishika fimbo yake, akatuonyesha kwa miguu yake mwenyewe chenga za mtu ambaye hakupata kumwona. Tulicheka sana, kisha tukanyamaza, kwa sababu tulitambua kwamba tumeona jambo la ajabu.

Ajabu hiyo ililetwa na sauti ya mtu. Taveta si mbali na hapa. Kwa reli ile iliyojengwa wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kutoka Voi, ikakutana na reli ya Tanga pale Kahe kwa jirani zetu, watu na mizigo na habari zilikuwa zikipita. Na pasipopita gari, redio ilipita. Katika miaka ya 1960 palipokuwa na redio moja, watu thelathini walikuwa wakikaa kuizunguka, na aliyesikilizwa zaidi katika habari za mpira alikuwa Bwana Leonard Mambo Mbotela wa Sauti ya Kenya.

Mtangazaji wa redio hana picha ya kumwonyesha msikilizaji. Ana maneno tu, na maneno hayo hayana budi kukimbia sawa na mpira. Kwa wachezaji wengine jina hutajwa mara moja, na mpira huwa umekwisha kwenda kwa mwingine. Lakini mpira ulipomfikia Kadenge haukuondoka upesi miguuni pake, na mtangazaji hakuwa na la kusema ila kurudia: Kadenge na mpira, mpira na Kadenge. Maneno hayo yakawa methali katika Kiswahili chote. Hata leo hapa Chekereni mtoto akiukokota mpira peke yake bila kuwapa wenzake, huambiwa ameanza Kadenge na mpira. Naye mtoto hajui Kadenge alikuwa nani.

Mwaka 2019 ulikuwa mwaka wa pekee kwetu sote. Baada ya miaka 39 Tanzania ilirudi katika mashindano ya Mataifa ya Afrika, na tarehe 27 Juni, mjini Cairo, tulipambana na Kenya. Tulitangulia mara mbili, kwanza kwa bao la Msuva, kisha kwa bao la Samatta. Walakini Kenya walitufuata na kutupita, mchezo ukaisha 3 kwa 2. Usiku ule hapa kijijini hakuna aliyetaka kusikia jina la Kenya. Siku kumi baadaye ikaja habari ya kifo cha Kadenge, na watu wale wale walioinamisha vichwa kwa hasira waliinamisha vichwa kwa huzuni. Wazee walisema: huyu alikuwa wetu pia. Hapo ndipo tulipojua kwamba mchezaji mpendwa hana mpaka.

Tena, tarehe 7 Februari 2025, Bwana Mbotela naye alifariki. Alizaliwa Mombasa mwaka 1940, katika ukoo wa watu wa Freretown waliotokana na watumwa waliokombolewa. Na katika ukoo huo huo alitoka James Mbotela, mwandishi wa Uhuru wa Watumwa, kitabu kilichopigwa chapa mwaka 1934. Twawaomba mlitafakari jambo hilo. Ukoo mmoja ulitoa mtu aliyeandika habari za watumwa zisipotee, ukatoa na mtu aliyepaza sauti hata habari za mchezaji zikafika mbali. Sasa mchezaji amekwenda, na sauti imekwenda. Kwa bahati njema, Kadenge ana magazeti, ana picha, ana watu wa kumwandika. Swali letu ni hili: wa kwetu wana nini?

Mabwana, hapa ndipo mahali pa aibu yetu, nasi hatutaificha.

Asubuhi ya leo tuliwauliza wazee habari za mchezo mmoja wa zamani, ule ambao timu ya Chekereni iliifunga timu ya kutoka mlimani bao moja kwa hapana. Mchezo huo kila mtu hapa ameusikia tangu utotoni. Tukauliza: bao alifunga nani? Wazee watatu wakatoa majina matatu. Tukauliza mwaka. Mmoja alisema ulikuwa mwaka wa mafuriko, wa pili akasema ulikuwa mwaka wa njaa, na wa tatu akasema aliuona mchezo huo kabla hajaoa. Karani wetu aliandika, akafuta, akaandika tena, mpaka karatasi ikatoboka. Na wale watatu wanaosemwa kuwa wafungaji wote ni marehemu. Hakuna wa kuulizwa tena.

Jambo la pili ni zito zaidi. Mwaka jana tulimzika winga wetu wa kushoto. Jina lake hatulitaji leo, kwa kuwa bado hatujaomba ruhusa kwa watu wa nyumbani kwake. Lakini nyote mwamjua, na wengi wenu mlibeba jeneza lake. Pale kanisani ilisomwa historia ya maisha yake. Tarehe ya kuzaliwa ilisomwa, na ya ubatizo, na ya kipaimara, na ya ndoa, kwa siku na mwezi na mwaka, kwa sababu kanisa lina vitabu vyake. Kisha msomaji akasema, “Tena marehemu alikuwa mchezaji hodari wa mpira,” akaendelea na habari za watoto na wajukuu. Neno moja tu! Na nusu ya watu waliojaa kanisani na nje walikuja kwa ajili ya neno hilo moja. Tulitazamana sisi makarani, watu ambao kazi yetu ya kila siku ni kuandika, tukaona haya.

Lakini kuna haya iliyo kubwa kuliko hiyo. Katika miezi yake ya mwisho mzee huyo alilala kitandani. Tulipata habari. Tulisema tutakwenda Jumamosi, Jumamosi ikapita. Alipokufa, fedha za rambirambi zilipatikana kwa siku moja, na lori la kuwachukua watu, na mchele, na maturubai. Mjane wake alipotushukuru alisema kwa upole kwamba marehemu alikuwa akiuliza kila jioni kama vijana wa mpira wamepita. Hakutulaumu. Ingekuwa afadhali angetulaumu.

Hata Kadenge, pamoja na sifa zake zote, katika miaka yake ya baadaye alikuwa akiendesha teksi mjini Nairobi ili apate riziki. Kazi hiyo ni ya halali na ya heshima. Hatuitaji kwa dharau. Twaitaja ili tukumbuke kwamba sifa hazinunui dawa, na kwamba miguu iliyotufurahisha kwa miaka kumi huishi na mwenyewe miaka mingine arobaini. Ikiwa mtu ambaye jina lake lilijulikana katika Afrika Mashariki yote alihitaji kujitafutia hivyo, itakuwaje winga wa Chekereni ambaye jina lake halikuvuka mto?

Basi, Bwana Mwenyekiti, twaomba kuweka mbele ya mkutano mambo mawili.

La kwanza ni daftari. Chama kinunue daftari moja kubwa lenye jalada gumu, nasi makarani tulipige mistari: jina la mchezaji, jina la baba yake, kitongoji chake, mahali alipocheza uwanjani, miaka aliyocheza, michezo inayokumbukwa, na majina ya mashahidi. Kanuni iwe kwamba habari isiandikwe bila mashahidi wawili. Na mashahidi wakihitilafiana, yaandikwe maneno ya wote, wala karani asijifanye hakimu. Majina ya vilabu yaandikwe ya zamani na ya sasa, maana majina hubadilika. Kijana wa leo ajuaye Simba huenda asijue kwamba mpaka mwaka 1971 iliitwa Sunderland, na asiyejua hayo atasoma habari za zamani kama habari za wageni. Ule mchezo wa bao moja uandikwe kwanza, na majina yote matatu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi tumekwisha kupoteza mali nyingi.

La pili ni zamu. Tumehesabu asubuhi ya leo, tukaona wachezaji wa zamani waliobaki hai hapa kwetu na vijiji vya jirani ni kumi na wanne. Wanachama tuliopo ni zaidi ya hao. Kila mzee apewe wanachama wawili wa kumtembelea mara moja kwa mwezi. Wasiende mikono mitupu. Hata kilo ya sukari yatosha. Na waendapo wachukue kalamu, maana mgonjwa aulizwaye habari za ushindi wake hupata nguvu, na sisi tutapata mistari ya daftari. Kwa hiyo mambo haya mawili ni kazi moja.

Huenda mtu akasema kwamba hayo ni mambo madogo kwa chama cha watumishi wa serikali, na kwamba tuna habari za mishahara na za vyeo zinazotungoja. Twamjibu kwa heshima. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenzake walipounda chama cha watumishi Waafrika wa serikali ya Tanganyika, hawakuwa na nguvu nyingine ila kujua kusoma na kuandika, na kukubali kukutana. Nguvu hizo mbili tunazo. Tukizitumia kwa barua za ofisi tu, tutakuwa tumewanyima jirani zetu sehemu yao.

Muda wetu umekwisha, na twawaona vijana wamekwisha kuvaa jezi. Kabla ya mpira kuanza twaomba wote tusimame kwa dakika moja, kwa ajili ya Mzee Kadenge, na Bwana Mbotela aliyetuletea habari zake, na winga wetu wa kushoto, na wale watatu ambao mmoja wao alifunga bao lile.

Kisha, mchezo utakapokwisha, daftari litakuwa juu ya meza hii. Tumelinunua jana mjini kwa fedha zetu, tukitumaini kwamba mkutano utatukubalia. Wazee wetu saba wasiondoke kabla ya kuandikwa.