Cheti Kwanza, Daluga Baadaye

Msikilizaji wangu wa Chato, mwaka 2017 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, walikwenda Gabon kwenye fainali za Afrika kwa tiketi waliyoipata mezani. Uwanjani walikuwa wameshatolewa. Walishinda 3-2 Dar es Salaam, wakafungwa 1-0 Brazzaville, na mabao ya ugenini yakawabeba Wakongo. TFF ikakata rufaa kwa kutilia shaka umri wa mchezaji mmoja wa Kongo. CAF ikaagiza kijana huyo apelekwe kupimwa. Hakupelekwa. Kongo ikaondolewa, vijana wetu wakapanda ndege.

Na mpira waliucheza kweli. Walitoka suluhu na Mali, ambao ndio waliotwaa kombe. Wakawafunga Angola 2-1. Mechi ya mwisho dhidi ya Niger, sare tu ingewaingiza nusu fainali, na kuingia nusu fainali kulikuwa ni kufuzu Kombe la Dunia la vijana nchini India. Niger wakapata bao moja. Pointi nne kwa nne, wakapita wao kwa sababu walitufunga sisi.

Hadithi ya Kongo tunaipenda kwa kuwa ndani yake aliyekosea ni mwingine. Lakini Serengeti Boys walifuzu pia fainali za vijana za Gambia za mwaka 2005, tukanyang'anywa nafasi kwa kosa lilelile la kuchezesha aliyezidi umri. Mwaka 2019 fainali hizo zilifanyika hapa nchini, Dar es Salaam. Guinea walifika mpaka mechi ya mwisho, kisha wakapoteza tiketi yao ya Kombe la Dunia, kwa sababu wachezaji wao wawili walionekana na tarehe za kuzaliwa tofauti na zile walizotumia kwenye mashindano ya Japani. Senegal ndio waliokwenda Brazil. Na Januari 2023 Cameroon iliwapima vijana wake 30, ikawakuta 21 hawafai.

Kipimo chenyewe ni picha ya MRI ya kifundo cha mkono. Mfupa wa mtoto anayekua una sehemu laini karibu na ncha, na sehemu hiyo huziba kabisa anapokomaa. Ikishaziba kabisa, ni nadra sana mwenye mkono huo awe bado hajafikisha miaka 17. FIFA walianza kukitumia kwenye Kombe la Dunia la vijana la Nigeria mwaka 2009. Ila kipimo hicho kilibuniwa kwa wavulana. Mifupa ya msichana hukomaa mapema zaidi, kwa hiyo kwa binti shahidi mkubwa anabaki kuwa karatasi.

Nawataja mabinti kwa makusudi. Ile India waliyoikosa kaka zao, Serengeti Girls, timu ya taifa ya wasichana chini ya miaka 17, waliifikia Oktoba 2022, wakiwa timu ya kwanza ya soka ya Tanzania kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Walianza kwa kipigo cha 4-0 kutoka kwa Japani. Kisha wakaifunga Ufaransa 2-1, wakatoka 1-1 na Kanada, wakaingia robo fainali, ambako Colombia iliwatoa kwa 3-0. Kocha alikuwa Bakari Shime. Najua wapo wasichana Muganza na Nyamirembe wanaopiga chandimu na kaka zao kila jioni, na ninaamini kabisa wapo wanaoweza kuvaa jezi ile.

Sasa tuje kwetu. Kwenye mechi za shule, kata kwa kata, kelele ni ileile: vijeba, yaani wachezaji waliozidi umri. Kijiji kinataka ushindi, mwalimu anabanwa, na siku ya mechi darasa la sita linapata mshambuliaji ambaye wiki iliyopita alikuwa karashani anasaga mawe ya dhahabu. Tunashangilia mabao yake. Mtoto wa miaka 12 aliyestahili namba ile amekaa pembeni na jezi yake safi. UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi, ikifika ngazi ya mkoa, kijeba anakwama kwenye ukaguzi, na yule mtoto hakuna aliyemwona akicheza. Mwalimu anayefanya hivyo anaiua timu ya taifa akiwa hapahapa Chato, na mwenyekiti wa kijiji anayemshinikiza ni mshirika wake.

Lakini vijeba ni sehemu moja tu ya tatizo, na ninayoionea uchungu zaidi ni nyingine. Ni mtoto mkweli asiyekuwa na tarehe. Mkoa wetu wa Geita ni wa watu wanaohama. Mtoto anazaliwa nyumbani Bwanga, anaanza shule Buseresere, mama anafuata dagaa mwaloni, baba anafuata dhahabu Geita. Kila shule mpya inauliza kazaliwa lini, na kila mara linatolewa jibu la kukisia. Kadi ya kliniki inasema hivi, rejesta inasema vile. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Ila wakaguzi wa CAF hawapimi nia ya mama yako. Wanaweka karatasi mbili mezani, na zikipishana, mtoto anarudi nyumbani.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka mitano, njia imesafishwa. Katika mpango wa RITA, wakala wa serikali wa usajili, ulioanza muongo uliopita, na Geita imo, cheti kinatolewa bure katika ofisi ya mtendaji wa kata au kwenye kituo cha afya. Mzazi, usisubiri avuke umri huo. Kwa aliyevuka, unakwenda kwa msajili wa wilaya, kuna ada, na unahitaji vielelezo: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, barua ya shule. Ni usumbufu, sikatai. Lakini vielelezo hivyo vitafute sasa, wakati mkunga aliyempokea yupo hai na kadi haijaliwa na mchwa.

Wakati wenyewe ni huu. Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 sasa linachezwa kila mwaka nchini Qatar hadi 2029, timu ni 48, na Afrika ina nafasi kumi. Uganda jirani zetu walishacheza mwaka 2025. Wa kucheza mwaka 2027 ni waliozaliwa kuanzia Januari 2010, wa 2029 ni wa kuanzia Januari 2012. Hao wako madarasani kwetu leo. Mwalimu wa michezo unayenisikiliza, kesho asubuhi fungua rejesta, andika majina ya wachezaji wako, na mbele ya kila jina andika kama ana cheti au hana. Wasio nacho, waite wazazi wao kabla hujaita mazoezi.