Jina Limefika, Huduma Haijafika: Zebaki na Siasa ya Meno katika Machimbo ya Mwakitolyo



Mada niliyopewa ni mazingira ya kijamii na kisiasa ya tiba ya meno ya kisasa. Huenda mlitarajia nianzie kwenye kiti cha daktari, chini ya taa. Naomba nianzie mwaloni, pale wachimbaji wadogo wanapooshea dhahabu.

Mawe yakishatoka duarani, yaani shimoni, na kupita kwenye karasha la kuyaponda, husagwa, na unga wake huoshwa mpaka ubaki mchanga mzito. Mchanga huo hutiwa kwenye beseni, zebaki ikamiminwa, na mtu akauchanganya kwa mikono mitupu hadi zebaki ishike chembe za dhahabu. Donge linalopatikana hukamuliwa kwa kitambaa, zebaki ya ziada ikadondoka, na kilichobaki huchomwa. Zebaki inapaa, dhahabu inabaki. Anayechoma anakuwa ameinama juu ya moto, na hatua chache kutoka hapo utawakuta akina mama wanaoponda mawe, watoto wakiwa mgongoni. Hivi ndivyo kazi inavyofanyika Mwakitolyo, katika Halmashauri ya Wilaya ya Shinyanga, na hivi ndivyo inavyofanyika katika machimbo mengi madogo kuanzia Kahama hadi Geita.

Wenzangu wa kada ya meno waliosoma zamani wanalifahamu donge hilo. Walilitengeneza wao wenyewe. Unga wa fedha, bati na shaba ulitwangwa pamoja na zebaki kwenye kinu kidogo, ukakamuliwa kwa kitambaa ili zebaki ya ziada itoke, kisha ukashindiliwa kwenye tundu la jino. Tuliita amalgamu. Hadi leo takriban nusu ya uzito wa amalgamu ya meno ni zebaki. Mchimbaji na daktari wa meno wamekuwa wakitumia kemia moja, na kwa muda mrefu hakuna aliyemtazama mwenzake.

Wafanyabiashara waliwatazama wote wawili. Katika nchi nyingi zinazoendelea imeonekana kwamba zebaki inayoingizwa kwa hati za matibabu ya meno huishia kwenye machimbo ya dhahabu. Hati inasema meno. Mzigo unakwenda mwaloni. Tundu hili lilizungumzwa hadi kwenye mikutano ya Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa kuhusu zebaki, na mwaka 2022 nchi wanachama zilikubaliana kwamba daktari wa meno asitumie tena zebaki ya kumimina kutoka kwenye chupa, bali kapsuli zilizokwisha kupimwa kiwandani. Ukiisoma haraka utadhani kanuni hiyo inahusu kliniki peke yake. Kwangu mimi inaihusu pia Mwakitolyo, kwa sababu kapsuli ndogo haimfai mchimbaji, ila chupa inamfaa sana.

Hoja yangu leo ni hii: katika ukanda wa dhahabu, jina la tiba ya meno limefika kabla ya tiba yenyewe. Limetumika kwenye hati za zebaki. Limetumiwa na watu wanaong'oa meno ya watoto wachanga kwa vyuma. Kilichochelewa ni mtu mwenye ujuzi wa kuliokoa jino lililotoboka.

Mvutano wa zebaki katika taaluma yetu ulianza mapema mno. Chuo cha kwanza cha meno duniani kilifunguliwa Baltimore, Marekani, mwaka 1840, na mwaka huohuo kikaanzishwa chama cha madaktari wa meno wa nchi hiyo. Miaka michache baadaye chama hicho kiliwataka wanachama wake waahidi kutotumia amalgamu. Wagonjwa matajiri walizibwa kwa dhahabu. Amalgamu ilikuwa rahisi, na ndiyo iliyowafikia watu wa kipato cha chini. Chama kilimeguka kwa ugomvi huo na kikafa mwaka 1856. Tangu mwanzo, basi, swali la kipi kitiwe kwenye jino la nani lilikuwa swali la fedha na madaraka. Na Uingereza, iliyokuwa na mfumo wa afya wa bure tangu 1948, ilipoamua mwaka 1951 kuwatoza watu kwa ajili ya meno ya bandia na miwani, waziri Aneurin Bevan alijiuzulu. Jino liliitikisa serikali.

Turudi kwetu Tanzania. Mwaka 1977 sheria iliwazuia watu binafsi kuendesha tiba kwa faida. Mwaka 1991 mlango ukafunguliwa tena. Mwaka 1993 uchangiaji gharama ukaanza katika hospitali za umma. Kliniki binafsi za meno zilizozaliwa baada ya hapo zilikwenda kwenye wateja wenye fedha, yaani mijini. Siwalaumu waliozifungua. Lakini kijijini kilichobaki ni koleo. Kazi kubwa ya meno katika vituo vyetu vya umma ni kung'oa, na mwananchi mwenyewe amezoea hivyo: anakuja jino likishaoza hadi kwenye mzizi, hajalala siku tatu, na anachoomba ni ganzi na koleo. Ukimwambia jino linazibika anakutazama kama unamchelewesha.

Pengo hilo ndilo lililozaa meno ya plastiki. Wengi humu ndani mnalikumbuka jambo hili, na baadhi yenu mna pengo kinywani kwa sababu yake. Katika miaka ya 1980 uvumi ulienea nchini kwamba mtoto mchanga mwenye homa na kuhara ana meno ya plastiki, au ya nailoni, ndani ya fizi. Aliyeitwa kusaidia alichana fizi kwa spoku ya baiskeli au kisu, bila ganzi, na kutoa kitu cheupe, laini. Kilikuwa chipukizi la jino la chonge ambalo halijakomaa. Ni laini kwa sababu bado linajengwa, na kila mtoto analo. Mama alioneshwa, akaamini macho yake. Mtoto alikuwa na malaria au ugonjwa wa kuhara, akarudi nyumbani na ugonjwa wake uleule pamoja na jeraha, na wapo waliokufa kwa kuvuja damu na kwa maambukizi.

Tumezoea kulisimulia hilo kama ujinga wa wazazi. Sikubali. Mama yule aliona mtoto anachemka, zahanati haina dawa, na jirani ana jibu. Alitenda kama mzazi anavyotenda. Imani ile iliota mahali ambapo huduma ya malaria na huduma ya kinywa zote zilikuwa hazifiki, na haikuzimwa kwa matangazo peke yake. Pale mzazi alipopata mahali pa kumpima mtoto damu na kupewa dawa, sababu ya kumtafuta mwenye spoku ilipungua.

Jambo la pili ambalo mkoa wetu unalibeba kinywani ni maji. Floraidi nyingi katika visima hutia meno rangi ya kahawia jino linapojengwa utotoni, na Shinyanga ni miongoni mwa mikoa yenye tatizo hilo, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Singida na Mwanza. Shirika la Afya Duniani linapendekeza kiwango chake kisizidi miligramu 1.5 kwa lita. Viwango vyetu vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8 kwa maji ya vijijini, kwa sababu nchi ilikuwa na kiu na hapakuwa na maji mengine ya kutosha. Baadaye kiwango kikashuka hadi 4, na sasa ni 1.5. Mzee anayefunika mdomo kwa kiganja anapocheka amebeba usoni uamuzi uliofanywa mezani. Maji ya Ziwa Victoria yanayovutwa kutoka Ihelele hadi Shinyanga na Kahama yamewafanyia watoto wa miji hiyo kazi ambayo sisi matabibu wa meno tusingeiweza kwa brashi.

Lakini zebaki ndiyo iliyonileta hapa, na sababu yangu ni ya aibu kidogo. Miaka ya nyuma, nikiwa kwenye kliniki moja ya ukanda huu, alikuja kijana ambaye fizi zake zilikuwa zimevimba na kutoka damu, mate yanamjaa, anasikia ladha ya chuma, na meno mawili ya chini yanacheza. Nilimng'oa moja, nikampa dawa ya kusukutua, nikamwambia apige mswaki. Alipotia sahihi kwenye daftari mkono ulimtetemeka. Sikumuuliza anafanya kazi gani. Alikuwa mchomaji dhahabu. Nilikuja kulijua hilo baadaye, kwa ndugu yake.

Fizi kuvimba, mate kuzidi, ladha ya chuma, meno kulegea na mikono kutetemeka ni dalili za sumu ya mvuke wa zebaki ambazo vitabu vya tiba vinazo tangu zamani. Kinywa kinasema mapema. Tabibu wa meno wa machimboni angeweza kuwa mtu wa kwanza kuigundua sumu hiyo, kama angefundishwa kuuliza swali moja: wewe unachoma? Tafiti za madhara ya zebaki zimeshafanyika karibu nasi. Mradi wa kimataifa wa zebaki ulioendeshwa na UNIDO, shirika la Umoja wa Mataifa, kati ya 2002 na 2007 ulifika Rwamagasa, Geita. Mwaka 2013 Human Rights Watch ilitoa ripoti kuhusu watoto wa Tanzania wanaofanya kazi katika machimbo madogo na kushika zebaki. Mwaka huohuo Mkataba wa Minamata ulipitishwa, ukichukua jina la mji wa Japani ambako ugonjwa uliotokana na zebaki ya kiwandani ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Mkataba unataka uchomaji wa wazi na uchomaji katika makazi ya watu uondolewe. Elimu ya madhara ya zebaki mara nyingi hupelekwa kwa wachimbaji na maofisa wa madini na mazingira. Chumba cha meno kimesahauliwa.

Niseme jambo moja kwa uwazi, kwa sababu nimeona watu wakishtuka: mwenye jino lililozibwa kwa amalgamu asikimbilie kulitoa. Kulitoboa bila sababu kunatoa mvuke mwingi kuliko kuliacha. Tunachotaka ni kwamba amalgamu mpya isiwekwe, hasa kwa watoto na kwa wajawazito. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi yake ya kawaida kuanzia Januari 2025, na mwishoni mwa mwaka huo nchi za Mkataba wa Minamata zilikubaliana kuwa mwisho wa amalgamu ya meno duniani ni 2034.

Na hapa ndipo ninapopata nguvu ya kusimama mbele yenu. Mbinu ya kuziba jino bila umeme na bila zebaki ilizaliwa Tanzania. Katikati ya miaka ya 1980 Jo Frencken, aliyekuwa katika shule ya meno ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliona mashine za meno vijijini zimelala kwa kukosa umeme na maji. Akajaribu kukwangua sehemu laini iliyooza kwa vyuma vya mkono tu, kisha kuziba. Mbinu hiyo ikaitwa ART. Ikafanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe kwa saruji ya glasi ionoma, inayoshikamana na jino na kutoa floraidi, na Shirika la Afya Duniani likaitangaza Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani. Mwaka 2021 shirika hilo likaiingiza saruji hiyo kwenye orodha ya dawa muhimu. Mgonjwa analala kwenye meza ya kawaida au benchi la darasa. Mara nyingi hahitaji hata ganzi. Dunia imejifunza kwetu, na sisi bado tunang'oa.

Nimesikia hoja kwamba fedha hazipo. Katika ukanda wa dhahabu hoja hiyo ni ngumu kuipokea. Mchimbaji anapouza dhahabu kwenye soko la madini analipa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na halmashauri inapata ushuru wa huduma. Ushuru huo hausafiri kwenda Dodoma. Unabaki kwenye halmashauri, na unajadiliwa na madiwani tunaowachagua. Seti ya vyuma vya ART inaingia kwenye mkoba mmoja. Haihitaji jengo jipya, jenereta wala kiti cha umeme. Inahitaji tabibu wa meno mwenye pikipiki na ratiba: wiki hii shule, wiki ijayo mwaloni. Mkoba huohuo ubebe fomu ya kuandika dalili za zebaki, na nakala ifike kwa mganga mkuu wa wilaya.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Wachimbaji wadogo ni watu wa kipato kisicho cha mshahara, wanaohama na rashi, yaani mkimbilio wa dhahabu mpya, kutoka Mwakitolyo hadi Geita na kurudi. Kitita chao cha bima kikilipia kung'oa bila kuziba, tutakuwa tumeiandika desturi mbaya ndani ya sheria nzuri.

Waheshimiwa madiwani mliopo, mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makisio yanaandaliwa miezi mingi kabla. Naomba katika makisio yajayo uwepo mstari mmoja wenye maneno haya: tabibu wa meno, mkoba wa ART, machimbo ya Mwakitolyo.