Mawasiliano katika Nchi ya Milima: Funzo Kutoka Lesotho

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya makatibu na wanachama wa vyama vya msingi)



Nimeombwa nizungumze juu ya maendeleo ya huduma za mawasiliano. Naomba niwapeleke Lesotho, nchi ndogo ya wafugaji na wakulima iliyozungukwa pande zote na Afrika Kusini. Eneo lake ni kilomita za mraba 30,355, na ni nchi pekee duniani ambayo ardhi yake yote iko juu ya meta 1,000 kutoka usawa wa bahari. Hata sehemu yake ya chini kabisa iko kwenye meta 1,400 hivi. Kijiji unachokiona kwa macho ng'ambo ya bonde chaweza kukuchukua mchana kutwa kukifikia.

Katika nchi kama hiyo, kupeleka habari ni kazi ngumu tangu zamani. Mwaka 1863 wamisionari wa Kifaransa walianza kuchapa gazeti la Kisotho, Leselinyana la Lesotho, nalo likawafundisha Wasotho wengi kusoma na kuandika habari zao wenyewe. Lakini kutoka mtambo wa kuchapia hadi vijiji vya milimani, karatasi ilitegemea miguu ya farasi na punda, na mvua au theluji ikifunga njia, habari nayo ilingoja.

Haja ya mawasiliano ilizidi pale wanaume walipokwenda kwa wingi kufanya kazi katika migodi ya Afrika Kusini. Mwishoni mwa miaka ya 1980 idadi yao ilipita 100,000. Familia iliyobaki mlimani ilikuwa na maswali mawili: Je, yu mzima? Na fedha zitafika lini? Mwaka 1974 ilitungwa sheria kwamba asilimia 60 ya ujira wa mchimbaji iwekwe katika benki ya Lesotho, naye kwa kawaida aipokee amalizapo mkataba wake. Taifa lilipata akiba kubwa, jambo ambalo hatuwezi kulidharau. Lakini mama mwenye shamba la kulimwa au mtoto mgonjwa hakuweza kumwambia mgonjwa asubiri mkataba uishe.

Redio ilivuka mabonde ambayo barabara haikuyavuka. Hata hivyo redio husema tu, haisikilizi. Upungufu huo ulieleweka vema katika Kituo cha Elimu ya Masafa cha Lesotho, kilichoanzishwa mwaka 1974. Kituo hicho kilitumia redio pamoja na masomo kwa njia ya posta, ili mwanafunzi aliyesikia somo aweze pia kupeleka majibu yake na kusahihishwa. Redio ilipeleka sauti, posta ikarudisha jibu.

Simu za waya zilibaki zaidi mijini, kwa maana kusimamisha nguzo na kuvuta waya juu ya majabali ni gharama kubwa. Simu za mkononi, zilizoanza huko mwaka 1996, zilibadili mambo. Lakini mlima una tabia zake: ule ule unaobeba mnara kileleni ndio unaoyakinga mawimbi yasifike upande wa pili. Kila bonde hudai mnara wake, na kampuni ya biashara haina haraka ya kujenga mnara kwa ajili ya nyumba kumi. Kwa sababu hiyo Lesotho iliunda mfuko maalumu unaochangiwa na makampuni ya simu, ambao fedha zake husaidia kupeleka huduma mahali pasipo na faida. Ndugu zangu, hilo ni wazo la ushirika hasa: aliye karibu na barabara humchangia aliye mbali nayo.

Mwaka 2013 huduma ya M-Pesa, ambayo ilizaliwa Kenya mwaka 2007, ilifika Lesotho, na mwaka 2018 nchi hiyo ikawa miongoni mwa za kwanza Afrika kuanza huduma ya simu ya kizazi cha tano. Mtu angeweza kusema kwamba safari imekwisha.

Lakini mwaka huo huo wa 2018 serikali ilitoa kanuni zilizobadili njia ya kuuza sufu ya kondoo na singa za mbuzi wa Angora, mazao ambayo kwa miaka mingi yalikuwa yakiuzwa kupitia mawakala wa Afrika Kusini. Wafugaji wengi wakacheleweshewa malipo yao, na mwaka 2019 wakaandamana katika mji mkuu, Maseru. Tafakarini jambo hili. Mfugaji ana simu mfukoni, mnara upo kileleni, na swali lake ni lile lile la mke wa mchimbaji: fedha zitafika lini? Ujumbe ungeweza kumfikia kwa nukta moja. Kilichokosekana ni jibu la kuaminika.

Ndugu Makatibu, chama cha msingi nacho ni huduma ya mawasiliano. Kwa hiyo napendekeza mambo matatu.

Kwanza, bei na tarehe ya malipo zitangazwe kwa njia zaidi ya moja: kwa simu, kwenye ubao wa matangazo, na kwa mdomo siku ya kupokea mazao. Mwanachama asiye na simu ni mwanachama kamili.

Pili, ujumbe wa malipo usiwe tarakimu tupu. Uonyeshe kilo, bei, na kila makato, ili mzee akisomewa na mjukuu wake aelewe alichopata na alichokatwa.

Tatu, kila ofisi iwe na daftari la maswali ya wanachama, lenye tarehe ya swali na tarehe ya jibu. Halmashauri ilikague daftari hilo kama inavyokagua kitabu cha fedha.

Na malipo yakichelewa, tangazeni kwamba yamechelewa, na mseme sababu. Mkulima huvumilia habari mbaya. Kinachomtoa katika chama ni ukimya.