Bastola katika gari la mwenyeji

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi kwa wajumbe wa dayosisi wanaojiandaa kutembelea sharika rafiki nchini Marekani.)



Habari za viza, baridi na chakula mmekwisha kuzisikia. Leo tunapenda kuwashirikisha jambo ambalo sisi tuliotangulia hatukuambiwa na mtu.

Katika ziara moja tulikuwa tukitoka Pennsylvania kwenda West Virginia kwa barabara kuu namba 81. Tulipokaribia mpaka wa Maryland, mwenyeji wetu, mzee wa kanisa, alisimamisha gari. Akatoa bastola kiunoni, akaondoa risasi zote, kisha akampa mwenzetu mmoja amshikie wakati anafungua buti. Mwenzetu akaipokea kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu mkoba wa mzee. Baadaye bastola na risasi zikafungiwa kwenye buti, tukaendelea na safari.

Sehemu ya barabara hiyo iliyomo Maryland ni kilomita 19 hivi tu. Kwa nini basi mzee alijisumbua? Marekani ni shirikisho la majimbo 50, na kila jimbo lina sheria zake za silaha. Leseni ya udereva inatambuliwa kote, lakini kibali cha kubeba bastola sivyo. West Virginia haimdai kibali mtu mwenye miaka 21 au zaidi tangu mwaka 2016. Maryland na New Jersey hazitambui kibali cha jimbo lingine.

Ili msafiri asikwame, sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inamruhusu kupita na silaha yake, mradi anaruhusiwa kuwa nayo na kuibeba kule anakotoka na kule anakokwenda. Silaha isiwe na risasi ndani, na vyote viwili viwe mahali pasipofikika kutoka kwenye viti. Gari lisilo na buti lazima liwe na sanduku lililofungwa kwa kufuli. Droo ya dashibodi haihesabiki.

Ulinzi huo ni mwembamba. Mwaka 2005 msafiri mmoja alikwama Newark, New Jersey, akachukua mzigo wake na kulala nao hotelini. Asubuhi alipotangaza bastola yake uwanja wa ndege, alikamatwa. Mashitaka yalifutwa, lakini mwaka 2010 mahakama ya rufaa ilisema sheria ile haikumlinda, kwa kuwa usiku huo silaha ilikuwa karibu naye. Mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, mwenye kibali halali cha Pennsylvania, alisimamishwa na polisi New Jersey akasema mwenyewe kuwa ana bastola. Alikabiliwa na kifungo cha miaka, na mwaka 2015 Gavana Chris Christie alimsamehe. Hawa ni raia wa nchi ile.

Sisi je? Tuliporudi nyumbani ndipo tulipojifunza kwamba mgeni mwenye viza ya muda, ya matembezi au ya masomo, haruhusiwi na sheria ya shirikisho kuwa na silaha wala risasi, isipokuwa katika nafasi chache kama ya mwindaji mwenye leseni. Zile dakika mbili za adabu zingeweza kumfikisha mwenzetu mahakamani. Na watoto wetu walio wakazi wa kudumu kule, ambao wanaruhusiwa kumiliki, kosa la silaha laweza kuwafukuzisha nchini.

Kwa hiyo tunashauri mambo matatu. Kwanza, usishike bastola ya mtu, hata kwa kupiga picha. Pili, kabla ya safari uliza kwa upole kama kuna silaha garini. Si vibaya kuomba gari lingine. Tatu, waambieni ndugu wanaoishi huko wasome sheria za kila jimbo lililo njiani, siyo la mwisho wa safari tu.

Wahenga walisema ukienda kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Katika hili, ndugu zangu, fumbueni yote mawili. Mwenyeji wetu alikuwa mtu mwema na mtii wa sheria, naye hakujua kuwa sheria yetu sisi si sawa na yake. Tungemuuliza angetushukuru. Tulinyamaza kwa heshima, na heshima ile nusura itugharimu.

Mungu awatangulie.