Msumari, Parafujo, Bolti: Elimu Iliyomo Mkononi mwa Fundi

Mafundi wa Kabiro na Kibera wamefunga kazi mapema ili wafike hapa chuoni.

Nimeombwa nizungumzie istilahi za kiufundi. Nimechagua kifaa kidogo kilichotapakaa katika kila karakana ya jua kali: kile chuma chenye thredi, yaani mifuo inayokizunguka, kinachokazwa kwa kuzungushwa. Hoja yangu ni moja. Maneno ya fundi ni elimu kamili, na anayemtahini fundi kwa lugha asiyofanyia kazi anapima lugha hiyo, ufundi wenyewe haupimi.

Maneno yalivyofika

Tuanze na ndugu yake mkubwa, msumari. Neno hili ni la Kiarabu, mismar. Silabi yake ya kwanza ililingana na kiambishi chetu cha wingi, nasi tukapata misumari, na umoja wake msumari. Sarufi yetu ililipokea likakaa katika ngeli ya mti na miti kana kwamba lilizaliwa humo.

Parafujo ni la Kireno, parafuso. Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa mwaka 1593, wakaipoteza mwaka 1698. Waliondoka, lakini meza, bendera, leso na parafujo vikabaki. Kamusi zetu zinaitunza parafujo, ingawa ukiitaja dukani Kawangware muuzaji atakuuliza unataka nini hasa.

Skrubu, bolti, nati, washa na spana ni maneno ya Kiingereza. Ujenzi wa reli ulianza Mombasa mwaka 1896, ukafika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901. Reli ziliungwa kwa bolti, na karakana zake zikawa shule za ufundi wa aina hii hapa Nairobi. Treni inapita Kibera hadi leo, mahali ambapo hata jina lake ni la Kinubi, lenye maana ya msitu. Mtaa huu haukuogopa kamwe neno la mgeni.

Bolti ya 13

Sasa tuingie karakanani. Skrubu hujichimbia njia yake ndani ya mbao. Bolti hupita kwenye tundu lililokwisha kutobolewa, ikashikwa na nati upande wa pili. Fundi hachanganyi viwili hivi, hata kama kamusi nyingine huvieleza kana kwamba ni kimoja.

Fundi akimwambia mwanagenzi, "Nipe bolti ya 13," anataja spana itakayoikaza. Bolti yenyewe ina unene wa milimita 8, na kila mzunguko mmoja husogeza nati milimita 1.25. Bolti ya 10 ina unene wa milimita 6, nayo nati yake husogea milimita 1 kwa mzunguko. Utaratibu huu wa kutaja ni wa busara, kwa sababu chini ya gari kinachohitajika kwanza ni kujua spana ipi ichukuliwe.

Ugumu huja pale vipimo viwili, vya inchi na vya milimita, vinapokutana. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza thredi zenye pembe ya nyuzi 55. Mwaka 1864 Mmarekani William Sellers akapendekeza nyuzi 60, na bolti za milimita za leo zina pembe hiyo ya 60. Mashine za inchi na za milimita zote zimefika Nairobi. Kichwa cha nusu inchi ni milimita 12.7, kwa hiyo spana ya 13 huingia, ila huacha mwanya. Ukivuta kwa nguvu, kona za kichwa huliwa, na bolti haitoki tena. Mwanagenzi hufunzwa kuusikia mwanya huo kwa vidole kabla hajavuta.

Hata kitenzi kukaza kimebeba fizikia. Bolti iliyokazwa sawasawa huvutika kidogo kama springi, na mvuto huo ndio unaobana vyuma viwili. Ukilegeza mno, mtikisiko utaifungua; ukikaza mno, thredi zitaisha. Ndiyo maana mtu aliyechanganyikiwa tunasema nati zake zimelegea.

Mtihani kwa lugha ya kazi

Vitabu vingi vya ufundi vyuoni mwetu ni vya Kiingereza. Kijana wa Kabiro anayeweza kueleza kwa Kiswahili kwa nini washa huwekwa chini ya nati huandikiwa kwamba hajui, kwa sababu swali lilimpita. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Basi napendekeza mambo matatu. Mitihani ya ufundi, ya kuandika na ya mdomo, itolewe kwa Kiswahili pia. Wanaotunga istilahi wakae karakanani kabla ya kukaa kamatini. Na neno linalotumiwa na mafundi liingizwe kamusini pamoja na maana yake ya kazi: thredi ielezwe, bolti na skrubu zitenganishwe, na bolti ya 13 iandikwe kipimo chake.

Chuo hiki kinaweza kuanza muhula ujao, na walimu wa somo hilo, yaani mafundi, wamo humu ukumbini, wameketi safu za nyuma. Nawaomba viongozi wa chuo wawakaribishe mbele.