Wapiga Makofi wa Bunda

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa tawi



 Sisi si wasemaji. Sisi ni watu wa mizani na daftari la madeni. Mlipotutaka tueleze khabari za safari yetu ya Mara, huenda wengine walitaraji kusikia bei ya dagaa wa Musoma. Bei tutakuambieni dukani. Leo tutaeleza jambo lililotupata Bunda usiku mmoja, nalo lina aibu yetu ndani yake.

Tulitoka Mwanza kwa basi, na magunia yetu ya karafuu, mdalasini na pilipili manga, tukikusudia Musoma. Basi likaharibika Bunda, ikatubidi kulala. Baada ya kusali Isha tukasikia kelele katika banda la mabati, tukaambiwa kwamba ndani inaoneshwa senema. Tukalipa kiingilio, tukapata nafasi penye benchi la nyuma, baina ya vijana wa bodaboda na wazee wawili watatu. Kijana mmoja alishika kipaza sauti akifasiri maneno ya Kiingereza, na pale asipoyajua akatia ya kwake.

Senema yenyewe ni The Last King of Scotland, ya mwaka 2006, khabari za Idi Amin wa Uganda. Aliyemwigiza Amin, Forest Whitaker, alipata tuzo ya Oscar mwaka 2007, na kwa kweli alistahili. Kisa chake ni cha daktari kijana wa Scotland, mtu wa kubuniwa, anayefika Uganda wakati Amin ametwaa serikali. Daktari anakwenda kumsikiliza Amin akihutubia wanakijiji. Amin anacheka, anatania, anaahidi. Umati unashangilia, na daktari naye anashangilia. Kuanzia hapo amekwisha. Anafanywa tabibu wa Rais, anapewa gari na nyumba, na anapofumbua macho, damu imeshamfika miguuni.

Sasa sikilizeni ya watazamaji. Amin alipotania, banda zima lilicheka. Alipowakaripia Wazungu, wakapiga makofi. Hilo hatulishangai, kwani Mwafrika aliyedharauliwa miaka mingi hufurahi kumwona mkubwa wa kikwake akimkaripia mkubwa wa wenzake. Lakini zilipofika khabari za mwaka 1972, Amin alipowapa watu wa asili ya Kihindi siku 90 watoke katika nchi, makofi yalizidi. Kijana mmoja akasimama akasema kwa sauti, “Kuua alikosea, lakini kuwafukuza wenye maduka hakukosea hata kidogo!” Watu wakamwitikia. Macho ya wawili watatu yakageuka yakatua juu ya kofia yetu.

Ndugu zetu, tulikuwa na la kusema. Tungeweza kuwaeleza kwamba duka si rafu na bidhaa zilizo juu yake. Duka ni kujua mali inatoka wapi, nani akopeshwe na nani asikopeshwe, na jina lako lina thamani gani kwa mwenye ghala. Amin aliyagawa maduka yale kwa askari na wapenzi wake. Wakauza vilivyokuwamo, kisha hawakujua pa kuagizia vingine. Sukari, chumvi na sabuni zikawa adimu. Aliyeumia ni mkulima wa Uganda aliyekuwa akitembea kwenda kununua kibaba cha chumvi akakuta mlango wazi na rafu tupu. Tena, nje ya hesabu ya chumvi, ni dhulma kumtoa mtu katika nchi aliyozaliwa kwa sababu ya nasaba yake.

Hayo yote tuliyajua, na wala hatukusema hata moja. Tuliinamisha kichwa tukajifanya tunatafuta kiatu.

Aliyejibu ni mzee mmoja wa pale pale. Akasema, “Mura, kaa chini.” Kijana akakaa. Mzee akamwomba mfasiri asimamishe kanda, na mfasiri akaisimamisha. Mzee akasema kwamba yeye alikuwa mgambo, akaenda vitani baada ya majeshi ya Amin kuvamia Kagera Oktoba mwaka 1978, wakaiteka nchi yetu kiasi cha kilomita za mraba 1,800 na kuwaua raia. Akasema, “Tuliingia Kampala mwezi wa Aprili 1979. Watu walitoka majumbani wakatushangilia mpaka wakalia. Mama mmoja alinivisha majani shingoni. Mimi nikawa najiuliza, hawa si ndio walioshangilia barabara hizi hizi mwaka 1971, siku alipopindua? Basi nikaogopa. Nikajua kwamba atakayekuja kesho naye watamshangilia.” Akaketi, senema ikaendelea.

Ilipokwisha, watu hawakutawanyika. Mmoja alilalamika kwamba vita vya Watanzania havimo. Senema inamalizikia na ndege iliyotekwa Entebbe mwaka 1976, daktari anaponyoka, kwisha. Hilo ni kweli. Mwanamke mmoja, mwalimu wa shule, akatoa maoni yaliyo bora zaidi. Alisema: katika senema yupo tabibu wa Kiuganda anayempa daktari mgeni njia ya kutoroka ili akaueleze ulimwengu, kwani yeye mzungu atasadikiwa, na kwa ajili hiyo tabibu yule anauawa. “Wako wapi,” aliuliza, “Waganda wa kweli waliosema hapana?” Akamtaja Benedicto Kiwanuka, Jaji Mkuu, aliyetekwa na askari katika mahakama yake mwaka 1972 asionekane tena; na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa Februari mwaka 1977 baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin kulalamikia mauaji. Hao walisema ilhali hawana ndege ya kuwasubiri. Na katika senema hiyo hiyo, akaongeza, Amin anamlaumu daktari kwamba alimwonya juu ya Wahindi lakini hakumwonya vya kutosha. Watu wakacheka. Sisi hatukucheka.

Asubuhi yake basi lilikuwa bado bovu, tukapata gari ndogo, nasi tukaomba tupitishwe Butiama. Tulizuru kaburi la Mwalimu Nyerere, aliyezaliwa hapo mwaka 1922 na kuzikwa hapo Oktoba 1999, tukaingia na makumbusho yake. Mwana wa kisiwani anapofika mahali hapo huwa na hesabu mbili mkononi, na amana inatutaka tuzisome zote. Mtu huyu alimkataa Amin tangu siku ya kwanza, na mwaka 1985 aliacha urais kwa hiari yake. Mtu huyu pia, serikali ya chama chake ilipitisha mwaka 1962 sheria ya kuwaweka watu kizuizini bila ya kushitakiwa, na kuanzia mwaka 1965 nchi ikawa haina ruhusa ya chama cha upinzani mpaka mwaka 1992. Mkutano kama huu wa leo usingewezekana.

Na ajabu ni kwamba mtu huyo huyo alikaa akaifasiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare juu ya Juliasi Kaizari, ikatoka mwaka 1963. Wanaoijua wanakumbuka kwamba Kaizari anauawa kwa kuogopwa asije akawa dhalimu. Brutus anawahutubia raia, wanamkubali. Anakuja Antony, anawahutubia raia wale wale, wanamgeukia Brutus. Kisha wanakutana njiani na mshairi mmoja, maskini, asiye na hatia ila jina lake ni sawa na jina la mmoja wa wauaji. Naye wanamrukia kwa ajili ya jina. Tulisimama pale Butiama tukaliona lile banda la Bunda.

Tulifika Musoma alasiri, tukapokewa na mwenzetu mwenye duka karibu na ziwa, mtu mzima kuliko sisi. Tukala sato, tukahesabu magunia, kisha tukamweleza yote. Tukajitetea, tukasema, “Sheikh, tulinyamaza kwa kuwa tu wageni pale.” Akacheka kidogo akasema, “Na watu wa Kampala walinyamaza kwa kuwa ni wenyeji.” Hatukupata jibu mpaka leo.

Chuoni tulifundishwa kwamba uovu huondolewa kwa mkono. Asiyeweza, kwa ulimi. Asiyeweza, achukie moyoni, na hiyo ndiyo imani iliyo dhaifu kabisa. Pale Bunda ulimi tulikuwa nao, na hakuna aliyetushikia panga.

Bwana Mwenyekiti, kwa nini tunayaleta haya katika mkutano wa chama? Kwa sababu sisi wapinzani hupenda kudhani kwamba dhalimu yuko upande wa pili tu, naye akiondoka kazi imekwisha. Amin aliondoka mwaka 1979, akafia Jeddah mwaka 2003. Nyuma yake Uganda iliona uchaguzi wa mwaka 1980 uliogombaniwa, vita vya msituni, na mtawala aliyeingia Januari mwaka 1986 akakaa zaidi ya miaka 35. Na visiwani kwetu hatuhitaji kufundishwa na senema: mwaka 1964 watu waliuawa na wengine wakahamishwa kwa kuulizwa asili zao, na wako waliopiga makofi.

Basi tunaliomba tawi hili jambo moja dogo. Siku msemaji wetu sisi wenyewe, awe kijana au kiongozi, atakaposimama hapa akawatukana watu kwa kabila lao, au kwa kazi yao, au kwa walikotoka babu zao, msingoje kumjibu mpaka ashike serikali. Mjibuni hapo hapo. Na kama hamna maneno, basi angalau mikono yenu itulie mapajani.

Sisi tumeshindwa mara moja. Tunamwomba Mwenyezi Mungu asitushuhudie tukishindwa mara ya pili.

Wassalaam.