Safari ya Kuvua Papa na Samaki Wakubwa katika Mkondo wa Pemba

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika mkutano wa mwezi)



Katika mkutano uliopita tulitakiwa tusimame mbele yenu tueleze habari za safari yetu ya baharini, sisi makarani sita tuliokwenda Shimoni mwezi wa Februari kuvua samaki wa bahari kuu. Ombi hilo lilikuwa na mambo mawili ndani yake. La kwanza ni kuwasimulia, kwa kuwa wengi wenu mlitaka kusikia. La pili, nalo ndilo lililotukawiza kuandika, ni kusema kama yafaa Mfuko wa Starehe wa chama uingie katika gharama za safari ya pili. Basi twawaomba msikilize habari hizi kama wasikilizavyo watu watakaopiga kura, wala si kama watu walioketi barazani wakingoja kahawa.

Tuanze na fedha, maana karani asiyeanza na fedha hushukiwa. Chombo kilikodiwa kwa shilingi 84,000 kwa siku moja, pamoja na nahodha, mabaharia wawili, mafuta, fito, mishipi na chambo. Tukigawa kwa sita, kila mmoja ni shilingi 14,000. Fedha hizo si kidogo kwa mtu wa cheo chetu mwenye watoto shuleni. Wako wenzetu waliotuuliza waziwazi kwa nini tusinunue samaki sokoni, na jibu tulilowapa siku ile halikuwa jibu zuri. Tulisema tu kwamba tumeishi pwani miaka mingi, tumeandika barua nyingi juu ya forodha, bandari na uvuvi, lakini katika sisi sita ni mmoja tu aliyepata kuona bahari mahali ambapo nchi haionekani.

Mchezo huu wa kuvua samaki wakubwa kwa ufito na gurudumu la mshipi haukuzaliwa kwetu. Mwaka 1898, katika kisiwa cha Santa Catalina huko California, mtu aitwaye Charles Frederick Holder alimvua jodari wa ratili 183 kwa ufito, na mwaka huo huo chama cha wavuvi wa namna hiyo kikaundwa kisiwani. Mwaka 1934 mwandishi Ernest Hemingway alifika Malindi baada ya safari yake ya kuwinda bara, akavua katika maji yale. Tena mwaka 1939 kiliundwa New York chama cha dunia cha kuweka sheria za mchezo huu, kiitwacho IGFA. Katika sheria zake iko moja iliyotuletea ugomvi chomboni, nayo ni hii: samaki akishika ndoana, mtu aliyeushika ufito apigane naye peke yake. Mtu mwingine akiugusa ufito au mshipi wakati wa vita, samaki yule hahesabiwi. Tutairudia.

Shimoni, kwa wasioijua, ni kijiji kilicho kusini ya Mombasa, karibu na mpaka wa Tanzania, na jina lake latokana na mapango yaliyo pale. Mbele yake kiko kisiwa cha Wasini, na mbele zaidi iko hifadhi ya Kisite, ambamo hairuhusiwi kuvua. Ukiupita mwamba, sakafu ya bahari hushuka ghafula, na katika Mkondo wa Pemba kina chapita mita 700. Hii ndiyo sababu mahali pale pana sifa: samaki ambao kwingineko hufuatwa mwendo wa saa nyingi, hapa hupatikana karibu na nchi. Mkondo wa maji watoka kusini kwenda kaskazini, huleta samaki wadogo, na wakubwa huwafuata wadogo. Wakati wake mwema ni kaskazi, tangu Desemba hata Machi, bahari inapotulia kidogo. Wakati wa kusi mawimbi huwa makali, na vyombo vingi vya namna hii hupumzika.

Tuliondoka saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi. Nahodha alituvika sote maboya ya kifuani, isipokuwa mwenzetu wa Masijala, aliyesema kwamba yeye ni mwogeleaji. Nahodha akauzima mtambo, akakunja mikono, akatazama Wasini kama mtu asiye na haraka. Baada ya dakika mbili mwenzetu alivaa boya.

Tulipoupita mwamba, bahari ikatuonyesha kwamba haisomi vyeti. Watatu katika sita walilewa bahari, na mmoja wao ndiye asomaye karatasi hii. Hatutaieleza zaidi hali ile. Yatosha kusema kwamba yuko mzee mmoja, baharia, aliyetupa tangawizi mbichi tutafune na kutuambia tuutazame upeo wa bahari wala tusiitazame sakafu ya chombo, na kwamba maneno yake yalitufaa kuliko vidonge tulivyomeza tukiwa tumekwisha chelewa. Vidonge humezwa kabla ya safari.

Kuvua kwenyewe huanza kwa kurambaza. Mishipi mitano huburutwa nyuma ya chombo kinachokwenda kama maili nane za baharini kwa saa, miwili yake ikipanuliwa kwa fito ndefu zilizotoka ubavuni ili isipigane. Mwisho wa kila mshipi kuna chambo cha bandia chenye rangi, kirukacho juu ya maji kama samaki anayekimbia. Kisha watu hungoja. Kungoja huku ndiko kulikokuwa kugumu kuliko yote, nasi watu wa ofisini tulidhani tumezoea kungoja.

Saa mbili na nusu gurudumu moja lililia. Alikuwa fulusi, na mwenzetu wa Hazina akamvuta. Tulikuwa tumemwona fulusi sokoni mara nyingi, samaki wa rangi ya majivu asiye na ajabu. Yule aliyetoka majini alikuwa wa dhahabu na kijani na buluu, na alipokuwa akifa mbele yetu rangi zile zilimwondoka moja moja, mpaka akawa yule wa sokoni. Hakuna aliyesema neno. Baada yake tulipata jodari wanne wa kadiri, na sulisuli mmoja aliyeruka mara tatu akaitupa ndoana akaenda zake. Nahodha alisema huyo naye amehesabiwa, kwa kuwa wote tumemwona.

Saa tano tulimwomba nahodha atuonyeshe uvuvi wa papa, maana ndio tulioutamani tangu mwanzo. Aliuzima mtambo, chombo kikaachwa kichukuliwe na mkondo. Vipande vya sehewa vikatupwa, na harufu ya damu ikafuata maji. Ndoana iliyotumika ilikuwa ya mviringo, ambayo ncha yake imeelekea ndani. Faida yake ni kwamba aghalabu humshika samaki pembeni mwa kinywa badala ya kuzama tumboni. Kati ya ndoana na mshipi pana waya, kwa sababu meno ya papa hukata kila kitu kingine.

Kwa kura tuliyopiga asubuhi, zamu ilikuwa ya mwenzetu wa Ardhi, mzaliwa wa Vanga, ambaye baba yake alikuwa mvuvi wa papa kwa jarife. Aliketi katika kile kiti kilichopigiliwa sakafuni, akafungwa mikanda mabegani. Haikupita nusu saa mshipi ukaanza kwenda, kwanza polepole kama mtu atembeaye, kisha kwa kasi.

Dakika ishirini za kwanza alipigana vema. Dakika ya thelathini mikono ilimtetemeka, na mwenzetu wa Hazina, kwa huruma, akamshikia ufito. Ndipo mwenzetu wa Masijala, aliyezisoma sheria za IGFA usiku kucha, akapaza sauti kwamba samaki amekwisha batilika. Tukagombana, mabwana, watu wazima sita katikati ya bahari, juu ya samaki ambaye hatujamwona, na kwa ajili ya daftari ambalo majina yetu hayangeandikwa kamwe.

Ugomvi ulikoma papa alipoinuka. Alikuwa pingusi, mwenye kichwa kama nyundo, na urefu wake ulipita urefu wa mtu. Alikuwa amelala ubavu, amechoka, na jicho lake moja lilikuwa juu ya maji.

Yule mzee wa tangawizi alikwisha shika kulabu. Nahodha akamzuia kwa mkono, akatugeukia, akasema: “Mabwana, mwenye kukodi ndiye mwenye kusema. Apandishwe au akatwe? Semeni upesi, maana pingusi hafi kwa ndoana, hufa kwa uchovu.”

Hapa ndipo penye kiini cha hotuba yetu. Hatukuwa tumelifikiri swali lile. Tulikuwa tumehesabu mafuta, mikate na soda, lakini katika barua zetu zote za kukodi hatukuuliza papa atafanywa nini akipatikana. Mzee akasema, bila hasira: “Vijana, huyu ana kilo mia na zaidi. Akikatwa akaanikwa, ni karo ya mjukuu wangu. Ninyi mmelipa kucheza. Mimi sichezi.”

Hakuna katika sisi aliyekuwa na jibu. Ni kweli kwamba tulilipa kucheza. Ni kweli pia kwamba ng'onda wa papa ni chakula cha pwani tangu zama za babu zetu, na kwamba si wavuvi wa Vanga na Wasini walioimaliza bahari kuu. Utafiti uliochapwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba papa na taa wa bahari kuu wamepungua duniani kwa 71 kwa mia tangu mwaka 1970, na sababu kubwa iliyotajwa ni uvuvi uliopita kiasi. Papa si kama dagaa. Hukawia kukomaa, na pingusi huzaa watoto walio hai. Ndiyo sababu mwaka 2013 mataifa yalikubaliana kuiweka biashara ya pingusi chini ya masharti. Mambo hayo tuliyasoma baadaye. Pale chomboni hatukuyajua, na laiti tungeyajua, sidhani kama tungethubutu kumsomea mzee yule.

Aliyejibu ni mwenzetu wa Vanga, akiwa bado amefungwa kitini, jasho likimtoka. Alimwambia mzee: “Shikamoo, baba. Baba yangu alikuwa wa jarife. Nilipokuwa mtoto alitega karibu na mwamba, na kabla ya adhuhuri amerudi na papa wawili. Miaka yake ya mwisho alilala baharini siku mbili akarudi na wavu mtupu, na karo yangu ililipwa na mjomba. Mkate huyu, baba. Jodari wote chukua wewe.”

Mzee alimtazama kitambo. Kisha akaweka kulabu chini, akatwaa koleo, akainama akaukata waya karibu kabisa na kinywa. Pingusi alibaki ubavuni mwa chombo akipeperusha mkia kidogo, akazama taratibu, tusimwone tena.

Hatuwezi kuapa mbele yenu kwamba aliishi. Nahodha alitueleza, na wajuzi wasema vivyo hivyo, kwamba pingusi hudhurika sana kwa vita virefu, na wengine hufa baada ya kuachwa. Yamkini dakika zetu za ugomvi ndizo zilizomwua. Jambo hilo limetusumbua kuliko fedha.

Tuliporudi bandarini mzee alichukua jodari wanne na fulusi. Hakushukuru, wala hatumlaumu, kwa kuwa jodari wanne si papa. Alipokuwa akiondoka alituambia neno moja tu: “Mkija tena, semeni mapema.”

Sasa swali la Mfuko. Wawili katika sita wangependa chama kilipe nusu ya safari ya pili. Wanne, na sisi tusomao tumo, twaona haifai. Mfuko wa Starehe umejazwa na shilingi za wote, pamoja na matarishi na wapishi wa bweni la chama, na chombo kile hakichukui zaidi ya watu sita. Walakini hatupingi chama kukopesha arbuni, kama kilivyotukopesha sisi, mradi deni lilipwe ndani ya miezi mitatu. Na atakayekopeshwa aandike kwanza, kwa maneno yaliyo wazi, kwamba papa atakatwa upesi, tena kwamba mabaharia watapewa fidia iliyopatanwa kabla ya kutia nanga ndani, ili mzee mwingine asilazimishwe kuinunua huruma ya makarani kwa karo ya mjukuu wake. Kuhusu samaki wengine, waliwao na waliwe.

Arbuni tuliyokopeshwa ilikuwa shilingi 24,000, yaani shilingi 4,000 kwa kila mmoja. Wenzetu watano wamekwisha lipa, na stakabadhi zao ziko kwa Mweka Hazina. Shilingi 4,000 zilizosalia ni zetu sisi tusomao, nazo zimo katika bahasha hii, Bwana Mwenyekiti, twaomba zihesabiwe hapa hapa.